Fundi Anajibu: Aliyenibustia betri, sasa gari lake halichaji

SWALI

Fundi, salamu nyingi.

Siku moja jioni nikitoka kazini simu iliita, nikaona si vyema kuongea huku naendesha. Nikaweka gari pembeni, nikazima injini, nikaacha taa za mbele na za hazadi zinawaka. Mazungumzo yakawa marefu, mambo ya familia. Nilipomaliza nikageuza ufunguo, gari likalia tik-tik-tik tu, na taa za dashibodi zikaanza kufifia. Giza linaingia, magari yanapita kasi.

Aliyesimama ni baba mmoja ambaye mtoto wake anasoma darasa moja na binti yangu. Sisi si marafiki. Tukikutana getini shuleni tunapungiana mkono, basi. Hata jina lake silijui, namwita kwa jina la mtoto wake. Hakuuliza mengi. Akasogeza gari lake likaelekeana na langu, akaliacha linaunguruma, akatoa waya za kubusti kwenye buti akaanza kufunga. Mara ya kwanza ilitoka cheche kubwa, paa! Ikaja na harufu ya plastiki inayoungua. Akachomoa upesi, akacheka kidogo, akamulika kwa simu, akabadilisha waya. Mara ya pili tukasubiri kidogo, gari langu likawaka. Nilitaka kumpa chochote, akakataa katakata, akaniambia niwahi nyumbani.

Sasa nimesikia kwa mzazi mwingine kwamba tangu siku ile gari lake linawaka taa nyekundu ya betri, na kuna asubuhi liligoma kabisa wakaja shuleni kwa miguu. Yeye mwenyewe hajaniambia neno. Ananipungia mkono kama zamani.

Mume wangu anasema nisijitie kiherehere. Alijitolea mwenyewe, waya kakosea mwenyewe, hasara ni yake, na nikianza kuulizauliza nitakuwa nimekiri kosa. Mimi roho inanisuta. Je, kweli gari lake limeharibika kwa kunisaidia? Na kama ni kweli, nifanyeje?

Mama wa Binti

JIBU

Dada, nianze na cheche, maana ndiyo shahidi pekee uliyeniletea.

Waya za kubusti zikifungwa sawasawa, ncha ya mwisho ikigusa chuma hutoa kacheche kadogo ambako mchana hata hukaoni. Hiyo ni kawaida, umeme umeanza kutoka betri nzima kwenda betri iliyokufa. Lakini cheche ya paa, yenye harufu ya plastiki, ni habari nyingine. Hapo chanya imekutana na hasi. Gizani jambo hilo hutokea kirahisi: vichwa vya betri vimejaa ule ukoko mweupe, alama ya kujumlisha imefutika, kifuniko chekundu kilishapotea zamani. Mimi nikiwa na shaka huvikagua vichwa vyenyewe kwa macho. Kwenye betri nyingi cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi, na waya inayotoka kwenye hasi ukiifuata utaikuta imefungwa kwenye bodi ya gari au kwenye injini.

Waya zikipishana, betri mbili zinafungana kwenye mzunguko ambao hauna cha kuuzuia umeme, na zinapita ampea mamia kwa mamia. Ndiyo harufu uliyoisikia, ganda la waya linaanza kuyeyuka. Gari lake lilikuwa linaunguruma, kwa hiyo alterneta yake, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, nayo ilijikuta inalisha moto ule ule. Kisha akachomoa ghafla. Alterneta iliyokuwa inasukuma kwa nguvu zote ikikatiwa mzigo kwa mpigo, volti zinaruka juu, na kinachoumia ni diodi zilizo ndani yake pamoja na regyuleta inayoiongoza. Diodi kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Zikiungua moja au mbili, gari linaendelea kuwaka kama kawaida kwa muda, kwa sababu betri bado ina akiba. Baba wa watu akaondoka pale akidhani ameponea. Taa nyekundu ikaja baadaye.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza: ndiyo, inawezekana kabisa, na kwa maelezo yako naiona kuwa ndiyo sababu iliyo karibu zaidi. Lakini sikuwepo, na alterneta pia huzeeka. Kuna vipande viwili vya kaboni ndani yake vinavyosuguana na mhimili, vikiisha haichaji, na hilo halina uhusiano wowote na wewe. Uzuri ni kwamba fundi umeme wa magari hahitaji kubahatisha. Akipima betri iliyopumzika, injini imezimwa, nzima itasoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka inatakiwa ipande, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na inazidi kushuka, alterneta haichaji, au fyuzi kubwa iliyoko njiani imekatika. Fyuzi ikiwa ndiyo, mshukuruni Mungu wote wawili, ni kazi ndogo. Ikiwa ni alterneta, ikifunguliwa itajisema yenyewe: diodi zilizoungua ni jambo moja, kaboni zilizoisha ni jambo lingine.

Na lako je? Hukuniuliza, lakini waya zikipishana gari lenye betri iliyokufa ndilo huwa kwenye hatari kubwa zaidi, maana betri dhaifu haina ubavu wa kujikinga na umeme unaokuja kinyume. Lipeleke likapimwe. Tena kuna jambo nimelipigia hesabu. Taa mbili za mbele za kawaida, za wati 55 kila moja, hula kama ampea 9. Betri nzima ya ampea-saa 60 ingezivumilia taa hizo saa kadhaa, na hazadi juu yake, bado gari likawaka. Yako imezimwa na simu moja, hata kama ilikuwa ya mambo ya familia. Betri hiyo ilikuwa inaaga siku nyingi. Ikiwa ina miaka minne au mitano, inunulie mwenzake.

Nimelisema hilo makusudi, kwa sababu linatupeleka kwa shemeji yangu.

Shemeji, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. Kwamba mtu alijitolea hakumfanyi abebe gharama ya shida ambayo haikuwa yake. Shida ilikuwa ya gari lenu. Wala hili si la wema tu. Warumi wa kale walikuwa na kanuni kwa mtu anayeshughulikia jambo la mwenzake bila kutumwa: akilifanya kwa manufaa ya mwenyewe, arudishiwe alichotumia. Ufaransa wanayo mpaka leo kwenye sheria yao ya madai, kifungu cha 1301-2 kama kilivyoandikwa upya mwaka 2016, na kinakwenda mbali zaidi: aliyesaidiwa humrudishia msaidizi gharama na kumfidia madhara aliyoyapata katika kusaidia. Sheria za nchi zinatofautiana, na sisemi huyu baba awapeleke mahakamani. Nasema watu wenye akili timamu walishaliwaza jambo hili kabla yetu, na hawakuishia kwenye "hasara ni yake".

La waya kukosewa lina uzito wake, silikatai. Kama angekuwa fundi uliyemwita na kumlipa, ningekuambia kosa ni lake, alimalize mwenyewe. Huyu hakulipwa. Alifanya gizani, kandokando ya magari yanayopita kasi, kwa mtu asiyejua hata jina lake. Huwezi kumdai ustadi wa fundi mtu uliyempa heshima ya mpita njia.

Sasa namna ya kumwendea, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Usimuulize, "Eti gari lako limeharibika kwa sababu yangu?" Mtu mwenye haya atakujibu, "Ah, hapana, hapana, lilikuwa bovu tu," na mlango umefungwa. Ukirudia utaonekana unamlazimisha akudai. Usimtumie ujumbe kupitia yule mzazi aliyekupa habari, itageuka hadithi ya shule nzima. Na usimpe bahasha. Alishakataa pesa yako mara moja, ukimletea tena itakuwa kama unamlipa ujira wa ile jioni, na yeye hakukufanyia kazi ya ujira.

Mkute getini, mpungie mkono kama kawaida yenu, halafu msogelee. Mwambie hivi: "Baba Fulani, nimesikia gari linasumbua kuchaji tangu ile jioni. Nina fundi umeme wangu, nimeshaongea naye, kesho au keshokutwa atalipima. Ya fundi ni juu yangu." Kisha nyamaza. Umeona hujamuuliza kitu? Umemletea fundi, siku mbili za kuchagua, na jambo la malipo limekwisha kabla hajapata nafasi ya kulikataa. Akisema, "Usijali," mjibu, "Sijali, ila fundi nimeshamwambia." Akikataa kabisa kabisa, mwachie namba ya fundi na umwambie fundi asimpokelee pesa. Na muulize jina, kwa jina la Mungu.

Kipimo kikionyesha diodi au regyuleta, lipa yote, pamoja na betri yake kama imeuawa na kukosa chaji. Kikionyesha kaboni zimeisha, huna deni la alterneta. Mimi ningelipa nusu hata hivyo, na nisingetoa maelezo. Wengine mtaniona mpumbavu wa pesa, sawa.

Kuhusu kukiri kosa, shemeji alale usingizi. Kumlipia mtu fundi si kutia saini kwenye hati.

Nisimalize bila kusema waya hufungwaje, maana najua wapo wanaosoma ukurasa huu kwa ajili ya hilo tu. Magari yasigusane, yote yazimwe, na hakikisha yote ni ya volti 12. Malori mengi ni ya volti 24, usikubali dereva wa lori akubusti kwa kukuonea huruma. Nyekundu ianze kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili iende kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi ianze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho usiipeleke kwenye betri iliyokufa. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri ya asidi hutoa haidrojeni, hasa inapochajiwa, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Kile kicheche cha mwisho hukitaki karibu nayo, isije ikakurushia asidi machoni. Washa gari linalosaidia, liache lingurume dakika chache, ndipo ujaribu lililokufa. Likishawaka, fungua kwa kurudi nyuma: ulichofunga mwisho ndicho cha kwanza kutoka. Na kabla ya kufunga chochote, taa. Ukikosa tochi, subiri mtu mwenye nayo.

SWALI

Fundi, mimi ndiye niliyesimama kusaidia. Jamaa ninayefanya naye kazi jengo moja, ghorofa tofauti, gari lake lilizima njiani. Ni la otomatiki. Akaleta kamba akitaka nimvute mpaka kwake, safari ndefu kidogo. Nikakataa, nikampigia simu mwenye gari la kubeba magari na nikakaa naye mpaka likaja. Tangu hapo ananinunia kwenye lifti, na nasikia anasema nilimwingiza gharama kwa uvivu wa kumvuta. Nilikosea?

Mnuniwa

JIBU

Hukukosea hata nukta, kaka.

Giaboksi ya otomatiki hupakwa mafuta na pampu yake, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini imezima, matairi yanaburuzwa, vyuma vya ndani vinazunguka bila mafuta mapya kufika. Umbali mfupi sana kwa mwendo wa pole, gia ikiwa N, baadhi ya watengenezaji huruhusu, na kitabu cha gari kinasema ni umbali gani. Wengine hawaruhusu kabisa. Magari ya umeme na haibridi mengi usiyaguse kwa kamba, kwa sababu matairi yakizunguka mota nayo inazunguka na kuzalisha umeme ambao hakuna aliyeuomba. Kuna na lingine ambalo watu hawalifikirii mpaka wamo kwenye kamba: injini ikizima, breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, halafu zinakuwa ngumu kama ukuta. Usukani nao unakuwa mzito. Yeye nyuma yako, kamba fupi, wewe umekanyaga breki ghafla. Endelea mwenyewe.

Kwa hiyo ulimwokolea giaboksi, pengine na taa zako za nyuma. Sitakushauri umweleze haya kwenye lifti, mbele za watu ataona unamfundisha. Mpigie picha ukurasa wa kitabu cha gari lake unaohusu kuvutwa, umtumie bila neno. Akiendelea kununa baada ya hapo, hiyo ni nuno yake, ailee. Ila nina swali dogo: simu ya gari la kubeba ulipiga wewe. Ulimwambia bei kabla halijaja, au alikutana nayo likiwa limeshapakia? Kama ni la pili, basi pale ana haki ya kununa kidogo.

SWALI

Shikamoo Fundi. Tairi ilipasuka, jirani wa mtaa wa pili akapita akatubadilishia. Akasema tukaze nati tena baada ya mwendo kidogo, na tusikimbie. Kaka yangu anasema hayo ni maneno ya wazee. Spana ya jirani bado iko kwenye buti letu.

Mdogo Mtu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Maneno ya wazee mara hii yameandikwa na mengi ya vitabu vya magari vyenyewe. Tairi ikishafungwa upya, uchafu au kutu kati ya rimu na habu (kile chuma ambacho rimu hufungwa) hujibana kadiri gari linavyotembea, na nati iliyokuwa imekaza inajikuta imelegea. Zikaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100, gari likiwa limesimama chini, si juu ya jeki, na mkaze kwa kuruka kwenda nati ya upande wa pili, msizifuate kwa mzunguko.

Kuhusu mwendo, tazameni tairi mliyofunga. Kama ni ile nyembamba ya dharura, ubavuni imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni mkubwa kuliko wa tairi za kawaida, kwa kawaida psi 60. Nyingi hukaa kwenye buti miaka bila kuangaliwa na huwa zimepungua upepo bila mwenyewe kujua. Pimeni leo. Tairi iliyopasuka itengenezwe au inunuliwe nyingine wiki hii, ile nyembamba haikutengenezwa kuzoeleka.

Spana irudisheni baada ya kukaza nati, si kabla.